Nitawahojije watu wa mitaani Dar es Salaam bila kupata majibu ya taarifa ya habari?

Mtembezi wa Kivukoni (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Ninaandaa filamu ya makala ya takriban dakika 50 kuhusu siku ya kawaida katika jiji la Dar es Salaam, kuanzia alfajiri mama ntilie anapowasha jiko hadi usiku daladala za mwisho zinapoondoka kituoni. Nimeamua isiwe na msimulizi, wala mtaalamu aliyeketi mbele ya rafu ya vitabu akitueleza sisi ni watu wa namna gani. Sauti zote ziwe za watu waliokutwa njiani: abiria wanaosubiri pantoni Magogoni, wapakuaji wa samaki pale Feri, wachuuzi wa Kariakoo, makondakta, vijana wa bodaboda, na wale wanaobanana katika mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara kila asubuhi. Sensa ya 2022 ililihesabu jiji hili kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, lakini picha yake tunayoletewa kwenye runinga ni ile ile ya maghorofa ya Posta na foleni ya Barabara ya Morogoro iliyopigwa kutoka angani, ambako hakuna uso wa mtu unaoonekana.

Shida yangu iko kwenye mahojiano yenyewe. Nikimwelekezea mtu maiki, hata yule ambaye muda mfupi kabla alikuwa akiwasimulia wenzake kisa kwa ufundi wa kustaajabisha, ananyooka, anajitambulisha kwa majina yake yote na mtaa anaoishi, kisha anasema, "Kwanza kabisa napenda kuishukuru serikali," na baada ya hapo anamalizia kwa, "Naiomba serikali itusaidie." Kisha ananirudishia macho kuashiria kwamba amemaliza. Maneno hayo nimeyapata kwa mvuvi, kwa mwanafunzi wa chuo, kwa mzee wa miaka sabini na kwa binti anayeuza mihogo, na nikiyapanga mfululizo yanasikika kama mtu mmoja anayebadilisha nguo.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Niulize swali gani, au niulize kwa namna gani, ili mtu azungumze kama anavyozungumza akiwa kijiweni? Na je, ridhaa ya wahojiwa niichukueje katika sehemu yenye umati kama Kariakoo, na je, ni halali kumpa mtu chochote kwa muda wake?

Mhariri wa Picha (Dar es Salaam)

Ndugu Mtembezi, nimefanya kazi ya kuhariri picha za runinga kwa miaka mingi, na hayo maneno unayoyasikia nimeyakata na kuyaunganisha mara nyingi kiasi kwamba ninajua chanzo chake. Kwa mwananchi wa kawaida, maiki hufika mtaani kwake siku ya mafuriko, siku ya moto, au siku kiongozi anapotembelea. Hupewa sekunde kumi na tano, na anajua hivyo kwa sababu ameshawatazama wenzake wakipewa sekunde hizo hizo. Mtu mwenye akili timamu aliyepewa sekunde kumi na tano za kusikika na walio juu hatazitumia kukusimulia kuhusu mkewe; atazitumia kufikisha ombi. Kwa hiyo usidhani kwamba anakuficha kitu. Anakujibu kwa usahihi kabisa kulingana na jinsi ulivyosimama mbele yake.

Basi badilisha jinsi unavyosimama. Hilo sanduku dogo lenye nembo linalovishwa kwenye maiki liache nyumbani, na ikiwezekana hata maiki ya kushika mkononi iache, kwa maana inampa mtu ishara kwamba ni zamu yake ya kuhutubia. Tumia maiki ndogo ya kubana kwenye ukosi, yenye manyoya ya kuzuia upepo kwa sababu pale Magogoni upepo wa bahari utakuharibia kila kitu, na uwe na mtu wa pili mwenye maiki ya mti, yaani iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, iwapo huwezi kumfunga mhojiwa. Kamera isiwe baina ya macho yako na yake. Mpigapicha asimame ubavuni mwako, karibu, na lenzi pana ya kama milimita 35, ili mhojiwa akutazame wewe. Kumpiga mtu kwa lenzi ndefu kutoka upande wa pili wa barabara kunakupa picha nzuri ya mtu asiyejua kwamba anapigwa, na filamu yako itanukia udukuzi hata kama hukukusudia. Usimsimamishe, umkute akifanya kazi yake na umwache aendelee. Mtu anayepara samaki hawezi kuhutubia, kwa kuwa macho yake yako kwenye kisu, na katikati ya samaki wa tatu na wa nne atakuambia jambo ambalo hukuliuliza.

Kuhusu swali: ukianza na "una maoni gani kuhusu", umeomba azimio la mkutano na ndilo utakalopewa. Uliza jambo lililotokea. "Jana ulifika nyumbani saa ngapi, na ulipanda nini na nini?" Swali hilo linaonekana dogo, lakini mkazi wa Mbagala au Chanika akilijibu kwa ukamilifu atakuwa amekueleza habari ya usafiri, ya kipato, ya watoto waliolala kabla hajafika, na ya jirani aliyemwachia ufunguo, bila kutoa maoni yoyote. Ukiwa Kariakoo uliza, "Soko lilipoungua Julai 2021, wewe habari zilikufikia wapi, na ulifanya nini kwanza?" Kila mfanyabiashara wa pale ana jibu la swali hilo, na hakuna jibu linalofanana na la mwenzake: mmoja alikimbia kuokoa mzigo, mwingine alipigiwa simu akiwa safarini, mwingine aliona moshi akadhani ni taka. Kumbukumbu ya mtu ni yake peke yake. Maoni mara nyingi ni ya kuazima.

Kisha nyamaza. Akimaliza sentensi yake ya mwisho, usikimbilie swali jingine wala usiseme "asante sana". Mtazame, itikia kwa kichwa, hesabu moyoni hadi tano. Karibu kila sehemu nzuri niliyowahi kuihariri ilitoka ndani ya ukimya huo, kwa sababu mhojiwa aliona kwamba hujaondoka, akaongeza neno moja la kweli.

Jambo la sauti silipiti haraka, maana ndilo linalowaua wengi. Kariakoo kuna spika zinazorudia bei zilizorekodiwa kutwa nzima, kuna honi, kuna adhana, na kuna muziki kutoka kila duka. Honi na adhana ni sauti za jiji, ziache. Muziki ndio adui yako. Mtu akizungumza huku nyimbo inapigwa nyuma yake, hutaweza kukata sentensi hata moja bila nyimbo kuruka, na zaidi ya hapo utakuwa umechukua kazi ya msanii ambayo unahitaji idhini yake kuitumia. Mwombe mwenye duka apunguze kwa dakika chache au uhamie kona nyingine. Na kila mahali unapopiga, kabla hujafungasha, rekodi walau dakika moja ya sauti ya mahali hapo bila mtu kuzungumza. Siku ya kuhariri utanikumbuka.

Mwalimu wa Filamu (Morogoro)

Ninaungana na Mhariri, ila ningependa tuangalie pia wale waliolijaribu jambo hili mapema, kwa kuwa shida yako, ndugu Mtembezi, ni ya tangu siku ambayo kamera iliweza kubebwa begani pamoja na kinasa sauti.

Katika kiangazi cha 1960, mwanaanthropolojia Jean Rouch, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipiga filamu Niger, Ghana na Côte d'Ivoire, alishirikiana na mwanasosholojia Edgar Morin kupiga filamu jijini Paris kuhusu namna watu wanavyoishi. Iliitwa *Chronique d'un été*, ikatoka 1961. Walikuwa na kamera nyepesi ya milimita 16 iliyokuwa bado katika majaribio, na kinasa sauti cha Nagra ambacho mtu aliweza kukining'iniza begani, na walimwita mpigapicha Michel Brault kutoka Quebec kwa sababu alikuwa bingwa wa kutembea na kamera mkononi. Wanawake wawili, mmoja wao Marceline Loridan, walitumwa mitaani kuwauliza wapita njia swali moja tu: "Je, una furaha?"

Wengi walipita bila kujibu, na baadhi ya waliojibu walijibu kama watu wako. Wanaoizungumzia filamu hiyo huishia mara nyingi kwenye swali hilo, kana kwamba siri ya filamu ni kupata swali zuri, ilhali wapita njia wanachukua sehemu ndogo tu ya mwanzo. Baada ya hapo watengenezaji waliwafuata watu wachache kwa muda mrefu: kijana mfanyakazi wa kiwanda cha Renault, katibu muhtasi aliyetoka Italia, wanafunzi kutoka Afrika. Na Marceline mwenyewe, aliyekuwa akiuliza, akageuka kuwa anayezungumza. Alifungwa maiki, akabeba Nagra begani, akatembea peke yake akipita uwanja wa Place de la Concorde na soko la Les Halles huku akijisemea juu ya baba yake, ambaye alipelekwa pamoja naye kwenye kambi ya mateso ya Auschwitz katika vita vya pili vya dunia na hakurudi. Hapakuwa na mtu wa kumhoji. Kamera ilikuwa mbele yake, mbali kidogo, na hakuna aliyemsikia hadi sauti ilipochezwa baadaye. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu inayoifanya filamu ile iendelee kutazamwa, na inakufaa wewe moja kwa moja: mpe mtu kinasa sauti atembee nacho njia yake ya kila siku, kutoka kituoni hadi mlangoni kwake, na azungumze anapotaka. Kondakta aliyemaliza zamu akitembea kurudi nyumbani Manzese saa tano usiku atasema mambo ambayo huwezi kuyauliza.

Kuna tukio jingine katika filamu hiyo hiyo ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu. Kundi linakula pamoja, mazungumzo yanagusa Kongo, ambayo ilikuwa imepata uhuru Juni mwaka ule ule, na ubaguzi wa rangi. Kisha Rouch anawauliza vijana wawili wa Kiafrika iwapo wanajua maana ya namba iliyochanjwa kwenye mkono wa Marceline. Mmoja anakisia kwamba labda ni namba ya simu. Wanapoelezwa kwamba ni namba ya kambi ya mateso, nyuso zao zinabadilika. Ninalipenda na pia ninaliogopa tukio hilo, kwa sababu Rouch alijua jibu kabla ya kuuliza, na vijana wale walifanywa wasiojua mbele ya kamera. Unaposhika maiki mitaani, unajua kwamba filamu ni yako na wao hawajui utakavyoikata; uwezo huo ni mkubwa, na swali lolote ambalo lengo lake ni kumkamata mtu akiwa hajui, mimi nisingeliuliza.

Miaka miwili baadaye, Mei 1962, watengenezaji filamu wa Kifaransa Chris Marker na Pierre Lhomme waliingia katika mitaa ile ile ya Paris kupiga *Le Joli Mai*. Vita vya Algeria, kati ya Ufaransa na koloni lake hilo, vilikuwa vimesitishwa kwa makubaliano ya Évian mwezi Machi. Waliwauliza watu kuhusu fedha, nyumba, kazi na furaha, na jambo linalomshangaza mtazamaji ni jinsi wengi wanavyoikwepa Algeria, kana kwamba vita vya zaidi ya miaka saba vilitokea kwenye nchi isiyowahusu. Watengenezaji hawakuwakemea. Walielekeza macho na uvumilivu wao kwenye vitu vidogo: kuna mtu anazungumza kwa makini, na kamera inamwacha ikamfuata buibui anayetembea kwenye koti lake. Kwa hiyo sikiliza pia kile ambacho watu hamsini waliohojiwa hawakukitaja.

Muuza Vitenge (Kariakoo)

Mimi si mtu wa filamu, bali nauza vitenge Kariakoo, na nimeshawahi kuelekezewa maiki na watu wa kila aina. Naomba niseme jambo ambalo halijasemwa hapa.

Mnazungumza kana kwamba "naiomba serikali" ni taka ya kufagiwa kabla filamu haijaanza. Kwangu mimi hayo si maneno ya kukariri. Nikisema naomba taa za barabarani ziwashwe ili tufunge biashara bila kuvamiwa, ninamaanisha taa, na ninamwambia mwenye uwezo wa kuziwasha. Maisha ya kila siku ya mtu wa kipato changu yamejaa kuomba: unamwomba mwenye nyumba akusogezee kodi, unamwomba mgambo asichukue mzigo, unamwomba mwenye jumla akukopeshe robota hadi Ijumaa. Wenzetu machinga walipoondolewa barabarani mwishoni mwa 2021, ombi ndilo lilikuwa silaha pekee waliyokuwa nayo. Filamu inayotaka kuonyesha jinsi tunavyoishi, kisha ikaondoa kuomba kwa sababu hakupendezi masikioni mwa watazamaji wa tamasha, itakuwa imeondoa sehemu kubwa ya siku yetu.

Kwa hiyo, kaka, mwache mtu aombe. Akishamaliza, muulize ameliomba hilo kwa nani kabla, lini, na alijibiwa nini. Hapo ndipo atakapokusimulia habari ya ofisi alizokwenda, barua aliyoandikiwa na mtoto wa jirani, na nauli aliyotumia.

Kuhusu muda. Usije kwangu saa mbili asubuhi, kabla sijauza hata doti moja, maana hapo moyo wangu uko kwa mteja wa kwanza na nitakujibu lolote ili uondoke. Njoo saa nane mchana jua linapokuwa kali na wateja wamepungua. Wakati huo tumekaa, tunakula, tunazungumza. Kuhusu hela, usinilipe ili niseme, kwa kuwa nitasema unachotaka kusikia. Lakini ukinichukulia saa nzima ya Jumamosi, fahamu kwamba umenigharimu, na mtu muungwana hutafuta njia ya kulifidia hilo baada ya kazi, bila kuliahidi mwanzoni.

Na jambo la mwisho ni woga, ambao nyinyi mnauita aibu. Kuna mtu pale sokoni hana leseni. Kuna mwingine amemwambia mdai wake kwamba amehama mji. Kuna mama ambaye ndugu zake kijijini wanajua ana kazi ya ofisini. Tumewahi pia kupigwa video na vijana wa mitandaoni, kisha tukajiona kwenye simu za watu chini ya kichwa cha habari cha kutucheka. Mtu akigeuza uso usimfuate.

Binti wa Tononoka (Mombasa)

Shikamooni wakubwa. Nimesoma jibu la ndugu wa Kariakoo mara mbili, na ninadhani aya yake ya mwisho ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza.

Mimi hutengeneza vipindi vya sauti huku Mombasa, na mahali nilipojifunza zaidi ni Feri ya Likoni. Niliona kwamba akina mama wengi hugeuka kamera inapoinuliwa, lakini wakiambiwa kwamba ni sauti tu, huzungumza kwa kirefu na kwa uhuru mkubwa. Ndugu Mtembezi, hakuna sheria ya sanaa inayokulazimisha kuonyesha uso wa kila anayesema. Rekodi sauti ya mama anayesimulia, halafu onyesha mikono inayofunga mzigo, ngazi za pantoni, maji, viatu vya umati unaoshuka. Mtazamaji huisikiliza sauti isiyo na uso kwa makini zaidi, na mama wa watu analala usingizi wake.

Kuhusu ridhaa, kwanza kuna sheria. Kwenu Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kwetu Kenya kuna Ibara ya 31 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza faini shule moja na mahali pamoja pa burudani kwa kutumia picha za watu bila ridhaa yao. Upigaji wenyewe unahitaji kibali: kwenu hutolewa na Bodi ya Filamu, kwetu na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Pantoni na vituo vya mwendokasi vina wasimamizi wake, hivyo waandikiwe barua mapema, na katika kila mtaa mpitie ofisi ya serikali ya mtaa mjitambulishe, hata pale ambapo hamlazimiki, kwa maana mtu wa mtaa akijua kwamba mmepokewa, atawapokea pia.

Lakini karatasi ya ridhaa iliyotiwa saini kabla ya mazungumzo haina uzito mkubwa machoni pangu. Mtu amekubali nini wakati bado hajui atasema nini? Mimi huomba ruhusa fupi mwanzoni, na baada ya mazungumzo humchezea mhusika sehemu ninayoitaka, kisha humwomba aseme kwa sauti yake, mashine ikiwa imewashwa, kwamba amekubali, pamoja na siku na mahali. Akisema sehemu fulani itoke, inatoka hapo hapo mbele yake. Nimepoteza sehemu nzuri kwa njia hii na sijuti. Watoto siwahoji kabisa bila mzazi au mlezi kuwepo, hata wakija wenyewe wakiruka mbele ya kamera. Na katika umati, pale ambapo haiwezekani kumwomba kila mmoja, bandika tangazo kubwa la Kiswahili chepesi kwenye lango, mweke mtu wa kueleza, na uchague pembe ambayo umati unaonekana kwa mgongo.

Mtembezi wa Kivukoni (Dar es Salaam)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Ndugu wa Kariakoo, hoja yako imenigeuza: nilikuwa nikitafuta namna ya kuliondoa ombi, na sasa naona kwamba njia ni kulifuata hadi lilipoishia. Kuhusu sauti bila uso, nitalijaribu pale Feri wiki ijayo.

Kwa Mwalimu, nina shaka moja. Nikifuata watu wachache kwa muda mrefu, je, sitakuwa nimeliacha jiji? Nilitaka mtazamaji ahisi wingi, ahisi kwamba kila kona kuna mtu mwingine mwenye kisa chake. Naomba pia Mhariri anisaidie kuhusu mpangilio, kwa kuwa bila msimulizi ninahofia kwamba nitakuwa na rundo la sauti zisizo na uzi.

Mhariri wa Picha (Dar es Salaam)

Wingi huupati kwa kuongeza idadi ya vinywa. Ukiweka watu arobaini kwa sekunde ishirini kila mmoja, mtazamaji hatamkumbuka hata mmoja, na zaidi ya hapo utakuwa umemfanya aamini kwamba amesikia "wananchi wanasemaje", jambo ambalo si kweli, kwa sababu uliowahoji ni wale waliokuwa na nafasi ya kusimama. Aliyekuwa na haraka, aliyekuwa mgonjwa ndani, aliyekuwa akilinda ghala, hawamo. Filamu ya mitaani haiwezi kusema Dar es Salaam inafikiri nini. Chagua watu sita hadi wanane, wape dakika nne au tano kila mmoja, na wingi uuonyeshe kwa picha na kwa sauti ya mahali: zile dakika moja moja nilizokuomba urekodi ndizo zitakazofanya kazi hiyo.

Uzi unao tayari, nao ni njia. Jiji hili watu huliishi kwa safari. Anza Kigamboni kabla ya jua kuchomoza, vuka na pantoni, shuka Feri, ingia Kariakoo, panda mwendokasi kwenda Kimara, kisha rudi usiku. Mtazamaji akishaelewa kwamba tunasafiri, hahitaji msimulizi wa kumwambia yuko wapi. Mtu mmoja au wawili waonekane mara mbili: mama ntilie wa alfajiri akutwe tena jioni akihesabu fedha na kuosha sufuria, na umuulize swali la kawaida tu, siku ilikwendaje. Hapo saa zote zilizopita katikati zitapata uzito.

Usiondoe sauti yako katika maswali yote. Kuna mtindo wa kumfuta mwulizaji ili ionekane kwamba watu walijisemea tu, lakini jibu bila swali lake linaweza kupotoshwa, na mtazamaji ana haki ya kujua ulisema nini kabla mtu hajacheka au hajakasirika. Acha maswali pale ambapo jibu linayategemea. Na lugha uiache kama ilivyo. Ukiwa na Mmakonde, Mzaramo na kijana wa Sinza katika filamu moja, usimsahihishe yeyote kwa maandishi ya chini. Maandishi ya tafsiri yawe kwa wageni, na mtafsiri awe mtu anayejua maneno ya mtaani, siyo yule atakayegeuza kila kitu kuwa lugha ya ripoti.

Kisha kabla hujafunga hariri, waonyeshe wahusika. Mwalimu hakulitaja, lakini wale Wafaransa wa 1960 walifanya hivyo: waliwaita wahusika, wakawaonyesha picha, wakarekodi mabishano yaliyofuata, ambapo baadhi yao walisema wenzao walikuwa wakiigiza na wengine wakasema kwamba walijianika mno. Mabishano hayo yakawa sehemu ya filamu. Tafuta projekta na shuka jeupe, siku ambayo soko limetulia.

Muuza Vitenge (Kariakoo)

Jumapili jioni ndiyo siku nzuri, kuanzia saa kumi na mbili, giza likianza kuingia ili picha ionekane. Ukuta ulio nyuma ya duka letu ni mweupe, na umeme nitauchukua kwa jirani. Nitawaita wenzangu, wakiwemo wale watakaokuwa wamekataa kupigwa picha, kwa sababu nao watapenda kuona. Ila siku hiyo maiki iwe mikononi mwetu, na wewe ndiye ujibu maswali.